Tulivyokwenda Kumtukana Mjomba Musonda

Tangu nirudi mmeniuliza swali moja tu, na mimi nimejibu "ilikuwa muzuri" halafu nikanyamaza. Mnanijua. Mbele ya watu mdomo wangu ni mzito, lakini kwenye karatasi siogopi mtu. Basi someni, mpitishiane, na msiniulize tena mbele ya darasa zima.

Likasi: kwa nini tulikwenda

Mjomba Musonda, mdogo wake mama, alikuwa askari. Alikufa vitani huko kaskazini, mbele ya Kabalo, akilinda daraja la reli. Habari ilikuja kwa simu. Mwili haukuja. Padre alisoma misa, majirani wakala, wakaenda makwao. Lakini kilio hakikuondolewa, na Bibi, mama yake Mjomba, akabaki ndani yake kama mtu aliyefungiwa nyumba kwa nje. Alilala kwenye mkeka sebuleni, hakukata nywele, hakupika tena. Alikula anachowekewa mkononi, na mara nyingine alikisahau mkononi.

Wale ambao hamna desturi hii, nisikilizeni kidogo. Sisi ni ukoo wa Mbuzi. Watani wetu ni ukoo wa Chui. Mtu wetu akifa, Chui ndio wanachimba kaburi, na wanamtukana marehemu mbele ya watu wote mpaka wanaolia wacheke. Sisi wa damu yake hatugusi udongo. Hapo ndipo kilio kinaisha, na bila hapo hakiishi. Chui wa Likasi walimwambia Bibi wazi: "Tutamutukana nani? Kaburi hatukuiona. Mulete hata udongo yake."

Na udongo huo ilibidi uchukuliwe na Chui mwenyewe. Ndiyo maana alikwenda Mama Chola, anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele sokoni, yule ambaye sauti yake mnaisikia kabla hamjaona soko. Mbuzi mmoja alipaswa kumsindikiza. Mama ananyonyesha. Mimi nilikuwa likizo.

Nitasema ukweli: nilitaka kwenda, na si kwa ajili ya udongo tu. Mjomba aliondoka nikiwa mdogo. Ninachokumbuka ni harufu ya sabuni na mikono iliyonirusha juu hadi nikaona paa la jirani. Nilitaka kujua askari anafanya nini siku nzima. Kwenye filamu anapiga risasi. Lakini kati ya risasi na risasi? Anafua lini? Anaongea na nani?

Likasi hadi Luena: muujiza wangu

Treni ya asubuhi ilifika jua linazama. Behewa lilikuwa limejaa magunia ya makaa, magodoro na kuku waliofungwa miguu. Mama Chola aliweka kapu lake la samaki wakavu katikati ya benchi, akalifungua kidogo. Harufu ikafanya kazi yake. Watu walisogea wenyewe, tukapata nafasi ya kukaa vizuri.

"Mbuzi, kaa," aliniambia. "Ama unangoja majani?"

Watu walicheka. Mimi niliangalia viatu vyangu. Mtani akikutukana unapaswa kumjibu, hiyo naijua tangu utoto, lakini mbele ya behewa zima? Hapana.

Mama mmoja aliyekuwa akienda Bukama aliniuliza jina. Kabla sijafungua mdomo, Mama Chola alijibu: "Huyu? Haseme. Bubu tangu kuzaliwa."

Ulikuwa utani, lakini yule mama hakujua. Alinionea huruma, akanipa karanga, akaanza kunisemesha kwa vidole. Kila nilipotaka kusahihisha niliona aibu zaidi, na kadiri treni ilivyoenda ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu. Tulipofika Tenke behewa zima lilikuwa linanisemesha kwa vidole. Mhubiri mmoja wa kanisa la uamsho, mwenye koti la suti na ndala, akaniwekea mikono kichwani na kumwamuru pepo wa ububu atoke. Mama Chola alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Watu walidhani analia.

Luena, kichwa cha treni kilikufa. Tuliambiwa kingine kinatoka Kamina, na hakuna aliyeuliza kitatoka lini, maana jibu linajulikana. Watu walishuka, wakawasha moto kando ya reli, wakatandika. Kikawa kijiji. Mama wa Bukama alinunua munkoyo, kinywaji chetu kile cha mahindi, akanipa kikombe kikiwa baridi, na mimi kwa kiu nikasema, "Asante, mama."

Vidole vya yule mama vilibaki hewani. Halafu mtu akapiga kelele, "Anasema! Mutoto anasema!"

Mhubiri alikuja anakimbia, ndala moja imebaki nyuma. Waliniimbia. Walinichezea ngoma. Mtu akaniuliza Bwana amenifanyia nini, na mimi nikasema, "Sijui, papa," na wakaimba kwa nguvu zaidi. Mama Chola aliketi chini kwenye mchanga kwa kucheka. Baadaye aliniambia, "Ona, Mbuzi. Ungenijibu tangu Likasi, pepo haingekuwa na kazi."

Bukama hadi Kabalo: mtu aliyeogopa shimo

Bukama, Mama Chola aligombana na wauza samaki wa pale. Samaki wao ni wakubwa kuliko wa Tshangalele, hata mimi niliona, lakini yeye alibonyeza mmoja baada ya mwingine na kusema, "Hii ilikufa zamani. Na hii ilikufa ju ya huzuni." Mwisho alinunua wanne, na tuliwala na bukari, ugali wetu, hadi Kamina.

Baada ya Kamina watu walipungua. Baridi ya asubuhi iliingia kwenye madirisha yasiyo na vioo. Nje ilikuwa nyasi zilizoungua, halafu michikichi, halafu nyasi tena. Sikuwa na aibu ya kuuliza kwa sababu hakuna aliyesikiliza, basi nikamuuliza Mama Chola: Mjomba alikuwa mtu gani?

"Mwoga," alisema.

Nilidhani ni utani tena.

"Haina utani. Alikuwa anaogopa shimo. Benzake bote baliingia kuchimba madini, yeye alifika pa mulango ya shimo, akaangalia ndani, akarudia ku nyumba. Bakamucheka. Akaanza kutengeneza matofali, matofali hailishe muntu. Njo aliingia jeshi. Alisema, kule angalau nitakufa naona jua."

Niliandika hilo moyoni. Nilikuwa nimemfikiria Mjomba akienda jeshini kwa ujasiri, na kumbe alikuwa anakimbia giza. Sikujua kama nimpende zaidi au kidogo kwa hilo. Nilijikuta nampenda zaidi, kwa sababu hata mimi nimechungulia mashimo yale.

Kabalo tulivuka mto Lualaba juu ya pikipiki mbili, kwenye daraja la reli. Chini maji yalionekana kati ya vyuma. Katikati ya daraja Mama Chola aliwasimamisha madereva, akapanda nyuma yangu kwenye pikipiki yangu, akanishika mkono hadi kucha zikaacha alama. Hakusema neno hadi ng'ambo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia amenyamaza.

Darajani

Kutoka hapo ni njia ya mchanga kando ya reli hadi kijiji kidogo chenye daraja dogo. Kambi ya askari ni vibanda vya nyasi vilivyofunikwa turubai. Nguo zilianikwa kwenye reli. Kuku wengi. Askari mmoja alikuwa anashona kifungo, mwingine anamnyoa mwenzake kwa kioo kilichovunjika. Niliangalia kila kitu. Basi ndivyo ilivyo, nilijiambia, kati ya risasi na risasi wanashona vifungo.

Aliyetupokea ni Sajini Dieudonné, mrefu, mtu wa mkoa wa Équateur, Kiswahili chake nusu Kilingala. Alikuwa rafiki wa Mjomba. Alitupeleka kaburini yeye mwenyewe. Liko kando ya tuta la reli, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na msalaba wa mbao. Mama mmoja mzee alikuwa analifagia. Huyo ni Mama Ngoy wa kijijini. Hakuna aliyemtuma, alisema sajini, amejituma. Mkuu wa kambi alikuja pia, na askari wengine wakavua kofia. Kila mtu alisimama kwa heshima. Palikuwa na amani sana, na mimi machozi yalinilengalenga.

Mama Chola alifunga kitenge upya. Akapiga magoti. Akalipiga kaburi kofi kwa mkono wazi, paa!

"Musonda! Mbuzi weye! Batu banafanya kazi, weye unalala? Ulikimbia shimo ya ku Likasi, njo ulitembea mbali yote hii kutafuta shimo yako? Ona vile inakufaa! Ona vile unaenea ndani! Mwoga weye! Toka basi, kama uko mwanaume!"

Hakuna aliyecheka.

Nilimwona Mama Ngoy akiacha ufagio udondoke. "Unamutukana mutoto wangu?" alisema. "Pa kaburi yake?"

"Mama, nyamaza!" mkuu wa kambi alisema. "Huyu alikufa kwa ajili ya nchi."

Hapo ndipo Mama Chola alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya. Maisha yake yote Mama Chola amewaona watu wa namna mbili kaburini: wanaolia na wanaotukana. Aliposikia mtu anamkaripia, alifurahi. Alidhani amepata Chui mwenzake, anayejua mchezo.

"Na weye!" alimwambia mkuu wa kambi, akimnyoshea kidole. "Na tumbo ile! Musonda alikufa na njaa, chakula yake iko inaonekana pale!"

Mkuu wa kambi alimnyang'anya mfuko wa udongo ambao alikuwa ameanza kuujaza, akaumwaga. Aliwaita madereva wa pikipiki. "Warudishe hawa watu Kabalo. Sasa hivi. Hawachukui hata jiwe."

Mama Chola aliniangalia. Sijawahi kuona uso ule kwake. Hakuelewa kabisa. "Kunda," aliniita, kwa jina langu, si Mbuzi, "banakasirika juu ya nini?"

Askari mmoja alikuwa ameshamshika bega. Niliona mkeka wa Bibi sebuleni. Niliona tukirudi na mfuko mtupu, na Bibi akilala pale hadi mwisho wake. Na nilijua kwamba pale penye mawe ya chokaa, mimi peke yangu ndiye niliyewaelewa watu wa pande zote mbili.

"Hapana!" nilisema. Ilitoka kubwa, kama ya mtu mwingine. "Mwacheni. Anafanya kazi."

Wote waligeuka. Niliwaeleza. Mbuzi na Chui. Nani anachimba, nani hagusi. Kwamba mama huyu amesafiri kutoka Likasi, ameacha soko lake, kwa ajili ya kusema maneno yale yale aliyoyasema, kwa sababu mwanamke mmoja hawezi kuinuka kwenye mkeka mpaka yasemwe.

"Anamtukana kwa heshima?" mkuu wa kambi aliuliza. Hakuamini.

"Ndiyo, papa."

"Na nyinyi wa familia mnakaa tu mnasikiliza?"

"Hapana. Tunajibu. Marehemu hawezi, basi ndugu yake anamjibia."

Alikunja mikono. "Haya. Jibu, nisikie."

Nilimgeukia Mama Chola. Alikuwa amenitukana tangu kituo cha Likasi, mbele ya kuku na mhubiri, na sikuwa nimemrudishia hata neno moja. Yote yalikuwa yamekaa humu kifuani yakiningoja.

"Chui gani weye?" nilimwambia. "Unauza samaki sababu nyama inakushinda mbio! Mjomba wangu aliogopa shimo, kweli. Na weye pa daraja ya Kabalo? Mukono yangu iko na alama! Chui nzima inaogopa maji kama paka! Mjomba analala hapa, treni inapita juu ya kichwa yake kila mara, haogope. Weye hata pikipiki peke yako hukuweza!"

Sajini Dieudonné ndiye aliyecheka kwanza. Alijaribu kuzuia, ikamtoka puani. Halafu yule aliyekuwa ananyolewa, nusu kichwa kina nywele. Mama Chola alipiga makofi, akaniinamia.

"Eeh! Mbuzi iko na meno!"

Mkuu wa kambi hakucheka, lakini aliokota mfuko mwenyewe na kuukung'uta vumbi. Aliangalia tumbo lake kidogo, nadhani.

Kisha Mama Chola alimuuliza sajini, taratibu sasa: "Siku mulimuzika, nani alimuchekesha?"

"Hakuna, mama. Tulipiga risasi hewani."

"Masikini. Anangoja tangu siku ile. Na kaburi, nani alichimba?"

"Mimi."

"Weye mwenyewe? Na mikono yako?"

"Na mikono yangu."

"Basi weye ni Chui. Mwenye kuchimbia Mbuzi kaburi ni Chui, haina mambo ya kuzaliwa. Njoo. Mutukane."

Yule mtu mrefu alisimama miguuni pa kaburi, hajui mikono aiweke wapi. "Ndeko," alianza, ambalo kwao ni ndugu. Akasita. "Ndeko, handaki lako halikuwa handaki. Lilikuwa sahani. Kazi yetu hapa ni kuchimba mahandaki, asubuhi hadi jioni, na wewe kila siku ulichimba hadi kwenye goti ukasema umefika. Nilikuchimbia mimi nusu nyingine. Hata kaburi nimekuchimbia mimi! Mvivu!" Na hapo machozi yalimtoka pamoja na kicheko, na Mama Chola akamshika kiuno asianguke.

Baada ya hapo wote walisema. Sikuhitaji kuuliza maswali yangu, yalijibiwa yenyewe. Mjomba alichota maji, alilinda zamu, alingoja, hasa alingoja. Ili asichoke kungoja alifyatua matofali, akajenga kuta mbili za shule ya kijiji. Ya pili inaishia dirishani, na watoto wanaipanda. Aliimba zaburi kwa sauti mbaya. Jumapili alikula kwa Mama Ngoy, sombe yake, majani ya muhogo yenye mawese na karanga, na aliomba kuongezewa kila mara.

Kuhusu kifo, sajini alinieleza pembeni, kwa sababu nilimuuliza. "Watu wanapenda kusikia aliua wengi," alisema. "Mimi sikumwona akiua mtu. Walitushambulia mchana. Alikuwa anabeba masanduku ya risasi kutoka kibandani hadi kwa mpiga bunduki. Alileta moja, akaleta la pili. Alipoliweka chini, risasi ilimkuta. Alisema 'Ngoja kidogo,' akakaa chini. Daraja halikuchukuliwa."

"Jua lilikuwepo?" niliuliza.

Alishangaa. "Jua kali sana," alisema.

Kurudi

Safari ya kurudi sina mengi. Treni ilikufa mara nyingine, mahali pasipo na jina. Mama Chola alishikilia mfuko wa udongo mapajani na hakuniruhusu hata kuusogeza. Tulitukanana hadi Likasi na abiria walitaka kutupatanisha.

Chui wa Likasi walizika udongo ule makaburini, wakarudi nyumbani, wakacheza, wakamwiga Mjomba akichungulia shimo na kukimbia. Mama alicheka hadi akashika ukuta. Walimnyoa Bibi nywele. Walikunja mkeka wakautoa nje. Bibi aliyaangalia yote akiwa kwenye kiti, hakulia na hakucheka, na mimi niliogopa kwamba tumechelewa.

Watu walipokwisha kuondoka aliniita.

"Kule, alikuwa anakula nini?"

Nilimwambia. Kwa Mama Ngoy, Jumapili, sombe.

"Sombe? Musonda?" Bibi aliinua kichwa. "Minye mama yake, miaka yote ile, alikuwa anasukuma sahani. 'Sombe ni majani ya mbuzi,' njo alikuwa anasema. Anaenda kukula sombe ya muntu mwingine?"

"Aliomba kuongezewa, Bibi."

Nilidhani nimeharibu. Macho yake yalikuwa na moto.

"Anaweka nini ndani, ule mama?"

"Mawese. Na karanga."

"Kalanga!" alisema, kama mtu aliyetukanwa.

Akasimama. Akatoka nje peke yake, akachuma majani ya muhogo nyuma ya nyumba, akavuta kinu uani. Mama alitaka kumsaidia, akamfukuza. Alitwanga kwa hasira hadi jirani akachungulia. Alikaanga karanga, akazisaga, akatia mawese. Jioni alipakua mwenyewe, sisi kwanza, yeye mwisho.

Alionja. Alitafuna polepole, anaangalia sahani.

"Angeniambia tu," alisema.

Na akajiongezea sombe.